Vinia za meno: isome bili kabla jino halijasagwa

Wateja wetu wa Kitale na Bungoma hulipia karibu kila kitu kwa simu: mbolea, karo, gorogoro ya mahindi, bodaboda ya kutoka Kanduyi. Sasa meno nayo yameingia kwenye orodha. Kuna anayetaka kuficha madoa ya kahawia, kuna aliyeanguka na bodaboda jino la mbele likakatika ncha, na kuna anayejiandaa kwa harusi ya Desemba. Wote hawa wanaweza kuambiwa neno moja, vinia, na kupewa kiasi kimoja kikubwa cha kulipa, kimeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki bila maelezo yoyote.

Leo basi tujifunze kuisoma bili hiyo. Tumelichagua somo hili kwa sababu ununuzi wenyewe haufanani na mwingine. Simu ukiinunua ikawa mbovu, unaweza kuirudisha dukani. Jino likishasagwa halirudi lilivyokuwa, na kuanzia dakika ile huna tena nguvu ya kujadiliana bei. Utakubali chochote, maana huwezi kurudi nyumbani Kimilili na meno sita yaliyochubuliwa. Maswali yote ya pesa yana wakati wake, na wakati huo ni kabla hujalala kwenye kiti.

Vinia ni nini hasa

Ni kipande chembamba kinachobandikwa upande wa mbele wa jino, kama vile ukucha wa bandia unavyobandikwa juu ya ukucha. Kinaweza kuwa cha kauri, kinachotengenezwa maabara, au cha kompoziti, ile nyenzo nyeupe inayotumika pia kuziba meno, ambayo daktari huipaka na kuichonga papo hapo mdomoni.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1928 daktari Charles Pincus wa California alitengeneza vipande vya kuwabandikia waigizaji wa filamu wakati wa kupigwa picha. Vilikuwa vinatoka baada ya kazi kwa sababu gundi ya kudumu haikuwepo. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi kidogo hukwaruzika na kushika nyenzo vizuri. Miaka ya mwanzo ya 1980 kauri nayo ikaanza kukwaruzwa kwa asidi ili ishikane na jino. Hapo ndipo vinia tunazozijua leo zilipoanzia.

Je, kila mtu anazihitaji? Hapana, na hili lina uzito mkubwa kwa mfuko wako. Chukua mtu aliyekulia Nakuru, Gilgil au Naivasha kisha akahamia Trans Nzoia kwa kazi. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka na mawingu meupe au madoa ya kahawia. Madoa mepesi mara nyingi hupungua kwa kung'arisha meno, au kwa daktari kuparua kidogo sana uso wa enameli kwa dawa maalumu. Kazi hiyo ni rahisi kuliko vinia kwa mbali. Kwa hiyo ukiambiwa vinia kwenye dakika ya tano ya kuonana, uliza kwanza: kuna njia gani nyingine, na kila moja ni shilingi ngapi?

Ukiuliza hivyo hujamvunjia daktari heshima. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, tena kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Gharama imetajwa humo humo pamoja na hatari.

Na tuseme hili haraka: vinia hubandikwa juu ya jino lililopo. Kwa mzee aliyeng'olewa meno ya chini ya mbele zamani kwa mila, kama ilivyokuwa kwa Waluo na jamii nyingine za huku magharibi na Bonde la Ufa, vinia haitamsaidia. Huyo anahitaji meno ya bandia, daraja au kipandikizi, na bili yake ni nyingine kabisa.

Kinachofanyika kwenye kiti

Tunaeleza hatua hizi kwa sababu kila moja inaweza kuwa mstari kwenye bili, na mstari usioujua huwezi kuuliza habari zake.

Siku ya kwanza ni uchunguzi. Daktari anaangalia fizi, anapiga eksrei, anatafuta meno yaliyooza na anauliza kama unasaga meno usiku. Mwenye kusaga meno anaweza kuvunja kauri akiwa amelala, kwa hiyo asipoulizwa swali hilo ana haki ya kushtuka. Fizi zinazotoa damu na meno yaliyotoboka hutibiwa kwanza. Kubandika vinia juu ya uozo ni kama kupiga plasta ukuta uliojaa mchwa.

Kisha huja jaribio. Maabara au daktari hutengeneza umbo la meno mapya kwa nta juu ya mfano wa meno yako, halafu umbo hilo huwekwa mdomoni kwa muda ili ujitazame kwenye kioo, uzungumze, ucheke, upige picha umtumie dada yako. Hadi hapa hakuna kitu kilichoguswa. Kama hupendi, unaondoka na meno yako mazima, umelipa uchunguzi na jaribio tu. Kwetu sisi hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote kwenye bili nzima, na ndiyo mtu hurukishwa haraka ati apunguziwe bei. Usikubali kuirukwa.

Rangi nayo huchaguliwa kabla ya kusaga, wakati meno bado yana unyevu wake, kwa kulinganisha na vibao vya rangi. Vile vinavyojulikana zaidi vya VITA vina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Mwombe daktari aandike rangi mliyokubaliana kwenye karatasi ya bei. Kauri ikishatoka kwenye tanuri haibadiliki rangi, na dawa za kung'arisha meno haziigusi.

Halafu kusaga. Kwa vinia ya kauri ya kawaida daktari hupunguza enameli ya mbele kiasi cha nusu milimita hivi, pengine milimita 0.3 shingoni mwa jino na hadi 0.7 katikati, kutegemea rangi ya jino na lilivyokaa. Enameli haioti tena. Mwili hauna chembe za kuitengeneza baada ya jino kutoka. Jino lililosagwa litahitaji kufunikwa maisha yako yote, maana yake bili hii itarudi tena baada ya miaka. Kauri ikitunzwa hukaa miaka 10 na zaidi. Kompoziti kwa kawaida hukaa muda mfupi kuliko huo na hubadilika rangi kwa chai na kahawa, ila ni rahisi kuirekebisha na mara nyingine haihitaji kusaga jino hata kidogo. Kwa kijana wa miaka 22, tungeuliza sana habari za kompoziti kwanza.

Hapa kuna tahadhari ambayo hatutaipitia haraka. Umewahi kuona video za watu wakionyesha meno yaliyochongwa yakabaki kama vigingi vidogo, kisha wanasema wanawekewa vinia? Hizo si vinia. Hayo ni maandalizi ya taji, kofia inayolifunika jino zima pande zote, na huondoa sehemu kubwa zaidi ya jino. Taji ina kazi yake halali: jino lililooza sana, lililotibiwa mzizi, lililovunjika nusu. Lakini jino zima lenye doa tu halistahili kufanywa kigingi. Swali lako ni fupi: daktari, utasaga upande wa mbele peke yake au pande zote?

Baada ya kusaga, vipimo vya meno huchukuliwa na kupelekwa maabara, ambayo kwa kliniki ya Kitale au Bungoma inaweza kuwa Eldoret au Nairobi. Wewe unarudi nyumbani na vinia za muda. Wiki moja au mbili baadaye unarudi: zinajaribiwa bila gundi, unaziangalia, unakubali, ndipo jino linapakwa asidi, linaoshwa, gundi inawekwa na kukaushwa kwa mwanga wa bluu. Mwisho daktari anaangalia unavyouma.

Kusoma bili: meno yana namba, kazi ina msimbo

Tuanze na namba za meno. Kliniki nyingi za huku hutumia mfumo wa tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili huhesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Kwa hiyo 11 ni lile jino kubwa la mbele juu upande wa kulia, 21 ni jirani yake wa kushoto, na 13 na 23 ni chonge za juu. Bili ikisema "13 hadi 23" ni meno sita, si kumi na moja! Hesabu mwenyewe kwa ulimi: 13, 12, 11, kisha 21, 22, 23. Ukiwa umekubaliana meno manne na bili inaonyesha sita, hapo ndipo pa kusimama.

Misimbo sasa. Hapa kwetu kliniki inaweza kuwa na orodha yake ya bei, na kampuni ya bima ikawa na yake. Lakini programu kadhaa za kliniki hutumia misimbo ya Marekani, na ukiwa na ndugu aliye Minnesota au Texas anayetaka kukulipia, ataizungumzia hiyo hiyo. Hutengenezwa na chama cha madaktari wa meno wa Marekani, ADA, na hurekebishwa kila mwaka. Kila msimbo ni herufi D na tarakimu nne, na tarakimu ya kwanza inakuambia aina ya kazi: 0 ni uchunguzi na eksrei, 1 ni kinga na usafi, 2 ni kurekebisha jino kwa kuziba, vinia au taji, 3 ni matibabu ya mzizi, 7 ni kung'oa na upasuaji.

Kwenye bili ya vinia, misimbo ya kutazama ni michache. D2960 ni vinia ya kompoziti iliyotengenezwa mdomoni kwenye kiti. D2961 ni ya kompoziti iliyotengenezwa maabara. D2962 ni ya kauri kutoka maabara. D2740 ni taji la kauri. Kuziba jino la mbele kwa kompoziti huanzia D2330 kwa upande mmoja wa jino, D2331 pande mbili, D2332 pande tatu, na D2335 pande nne au zaidi. Yule aliyeanguka na bodaboda na kuvunjika kona ya jino moja huenda anachohitaji ni kuziba kwa kompoziti, kazi ya kikao kimoja, wala si vinia sita.

Ukishajua haya, bili inaanza kuongea. Umeahidiwa kauri na bili ina D2960? Hiyo ni kompoziti, na haipaswi kuwa na bei ya kauri. Umeambiwa vinia na bili ina D2740? Basi jino linaenda kuchongwa pande zote. Uliza kabla ya ganzi, maana ukiwa umekufa ganzi mdomo mzima, utaulizia wapi?

Ganzi yenyewe ina jambo. Katika orodha ya ADA, ganzi ya kawaida huchukuliwa kuwa sehemu ya kazi ya kurekebisha jino. Hata kusaga hakuna msimbo wake wa peke yake: D2962 ni vinia kamili, kuanzia kuandaa jino hadi kubandika, na vinia za muda kwa kawaida zimo humo. Kliniki yako halijafungwa na orodha hiyo, inaweza kupanga bei kivyake. Ila ukiona mstari wa "kuandaa jino", mwingine wa ganzi, mwingine wa vinia za muda, halafu vinia yenyewe juu yake, una haki ya kuuliza kwa upole kama hulipi kitu kimoja mara mbili.

Onyo kwa wenye ndugu ng'ambo: Marekani huhesabu meno kuanzia 1 hadi 32. Jino letu la 11 kwao ni namba 8, na 21 ni namba 9. Namba 11 ya kwao ni chonge ya juu kushoto, yaani 23 yetu. Karatasi zikitofautiana, mtu wa bima yake anaweza kukataa dai zima akidhani limeandikwa jino lisilo lenyewe. Mwombe daktari aandike jina la jino kwa maneno pia.

Bima, na ule ushauri mbaya

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kulipa mchango wako vizuri hakufanyi vinia za urembo ziwe matibabu ya bima. Bima za kibinafsi nazo kwa kawaida huondoa kazi ya urembo, hata zile zinazolipia kuziba, kung'oa na matibabu ya mzizi. Weka bajeti ukihesabu kwamba vinia zitatoka mfukoni, halafu uliza bima kwa maandishi habari za uchunguzi, eksrei na kuziba.

Mtu anaweza kukuambia: "Usijali, tutaandika taji, bima italipa." Kataa. Hilo ni dai la uongo lenye jina lako na sahihi yako. Tena linaacha rekodi kwamba jino lako lina taji wakati halina, na siku utakapohitaji taji ya kweli kwenye jino lile lile, bima itakuambia ilishalipa.

Kulipa kwa hatua

Hapa ndipo somo letu linapoingia kwenye simu. Jambo la kuvutia ni kwamba kampuni nyingi za bima za Marekani hulipa vinia na taji siku ya kubandikwa, si siku ya kusagwa. Hao ni watu wa hesabu, na hawalipi kazi ambayo haijaisha. Wewe huwezi kuwa mkali kiasi hicho, kwa sababu daktari analipa maabara mapema na ana haki ya kufidiwa. Lakini huna sababu ya kutuma yote siku ya kwanza pia.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kimilili anayeweka vinia sita za kauri Kitale. Mtu huyu ni wa kubuni na bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, si za kliniki yoyote. Uchunguzi shilingi 2,000, eksrei mbili 3,000, kusafisha meno 4,000, kuziba jino moja 5,000, jaribio la nta 6,000, na vinia sita kwa 30,000 kila moja, yaani 180,000. Jumla ni 200,000.

M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo mwalimu anaweza kutuma zote kwa kubonyeza mara moja. Asifanye hivyo. Alipe 14,000 za uchunguzi, eksrei, kusafisha na kuziba kazi hizo zinapofanyika. Alipe 6,000 siku ya jaribio. Siku ya kusaga alipe 90,000, nusu ya bei ya vinia, ambayo inabeba maabara. Siku ya kubandika, baada ya kujitazama kwenye kioo na kukubali, alipe 70,000. Na 20,000 za mwisho zibaki hadi siku ya ukaguzi, wiki mbili baadaye, kuona kama kuna inayocheza au inayogonga wakati wa kuuma. Si kila kliniki itakubali mgawanyo huu. Nyingine itataka zote zikamilike siku ya kubandika, na hilo linaeleweka. Inayotaka laki mbili zote kabla hata ya eksrei, tungeiacha.

Mwalimu asisahau nauli. Kutoka Kimilili hadi Kitale kupitia Kamukuywa na Kiminini, safari tano kwenda na kurudi ni pesa halisi, pamoja na siku za kazi zinazopotea. Ikiwa kliniki ya Bungoma mjini ni ghali kidogo lakini iko karibu, hesabu inaweza kugeuka.

Pesa yenyewe iende wapi? Iende kwa Till au Paybill yenye jina la kliniki. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza. Likiwa jina la mtu binafsi usiyemjua, au jina lisilofanana kabisa na la kwenye bango, uliza kwanza. Ukitumia Paybill, kwenye nafasi ya namba ya akaunti andika namba ya faili lako au ya ankara, usiandike "meno" tu. Ujumbe wa kuthibitisha una msimbo wa muamala wa herufi na tarakimu kumi. Hakikisha msimbo huo umeandikwa kwenye risiti ya kila hatua, pamoja na namba za meno na kazi iliyofanyika siku hiyo. Piga picha risiti, maana karatasi zile hufifia.

Ukikosea namba wakati wa kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa kuthibitisha kwenda 456 mara moja. Lakini njia hiyo ni ya kosa la kutuma. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyelipa kliniki sahihi kisha akachukizwa na rangi ya meno. Mgogoro wa aina hiyo huanzia kwa daktari mwenyewe, na ukishindikana unaweza kulalamika kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Huko zile risiti zenye namba za meno ndizo zitakazokusemea.

Baraza hilo hilo ndilo linalotoa leseni za kila mwaka kwa madaktari na kwa kliniki zenyewe, na unaweza kutafuta jina kwenye tovuti yake kabla hujalipa hata shilingi. Fundi wa maabara anaweza kuwa hodari sana wa kauri, lakini kusaga jino mdomoni mwako si kazi yake. Na yule anayebandika vipande vya plastiki kwa gundi ya dukani, saluni au nyumbani kwake, hata akiwa na Till nzuri yenye jina la kuvutia, mpite. Chakula hunasa nyuma ya vipande vile na jino huoza gizani.

Kuhusu Fuliza: ina ada ya asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya kila siku hadi umalize. Imetengenezwa kwa ajili ya kufunika pengo la siku moja mbili, kama nauli au unga. Kulipia vinia kwa Fuliza ni kulipia tabasamu lile lile kila asubuhi. Kwa kuwa hatua za vinia zina wiki katikati yake, kuna nafasi ya kuweka akiba iliyofungwa kwenye simu hadi tarehe ya hatua inayofuata. Kama akiba haitoshi, jaribio la nta linaweza kusubiri hadi baada ya mavuno. Meno yenye doa hayaozi kwa kusubiri.

Bado kuna karatasi moja ya kusaini. Kliniki inaweza kukuomba picha za kabla na baada kwa ajili ya Facebook au TikTok yake, pengine kwa kukupunguzia bei. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya yako ni data nyeti na ridhaa yako ni yako kuitoa au kuinyima, na hata ukiitoa unaweza kuiondoa baadaye. Ukikubali, kiasi ulichopunguziwa kiandikwe kwenye ankara kama mstari wake, kabla ya tarehe ya kusaga.